Winchi ya Mtu Mmoja

Asubuhi ile mjini Iringa nilikuwa nimemshika mume wangu mkono wa koti, katikati ya duka la vifaa vya chuma, nikimzuia asichukue makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba ya kuvutia. Watu walitutazama. Miaka ile ya hamsini mwanamke hakuwa na shughuli katika duka la namna hiyo, seuze kumvuta bwana wake koti mbele za watu. Lakini nilikuwa na sababu, na mimi nikiwa na sababu sijui kunong'ona.

"Niachie koti," alisema, meno yamebana.

"Nikikuachia utanunua."

"Haya makapi nayajua, mke wangu. Kule Burma tulitoa magari ya jeshi matopeni kwa haya haya."

"Burma mlikuwa wangapi kwenye kamba?"

"Platuni nzima."

"Na sisi platuni yetu iko wapi?"

Mwenye duka, mtu wa asili ya pwani aliyevaa kofia nyeupe ya kudarizi, alicheka mpaka akashika meza. Mume wangu hakucheka. Alikuwa dereva mzuri, mmoja wa waliorudi vitani na leseni, na lori letu la zamani alilipata kwa jasho lake. Kuulizwa platuni iko wapi na mwanamke wa Kisafwa mwenye kanga iliyopauka si jambo alilozoea.

Niseme kwa nini nilikuwa mkali hivyo. Masika yaliyopita tulikwama kabla ya kufika Igawa, tumebeba ndizi za Tukuyu za kupeleka Iringa. Udongo wa kule chini ni mweusi, ukinyeshewa unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Tulichimba kwa jembe, tukatandika matawi, tukasukuma na utingo wetu, na lori likazidi kuzama. Ndizi ziliiva, zikawa nyeusi, zikaanza kutoa maji chini ya turubai, sisi bado tunangoja gari la kutuvuta. Tuliporudi Ilomba, tulikokuwa tumepanga chumba, habari zilikuwa zimeshafika Rungwe kwa baba mkwe.

Baba mkwe alituma ujumbe. Mke wa mtoto wake halali njiani kama mbuzi wa mnadani. Tena tulikuwa tumeoana muda wa kutosha na mtoto hajaonekana, na yeye alikuwa na maelezo yake: mimba haishiki katika tumbo linalotikiswa kutwa juu ya magunia. Niletwe nyumbani, nipewe shamba, nilime migomba na mahindi, na mume anikute huko kila apatapo nafasi. Mume wangu alikaa na maneno hayo siku kadhaa, kisha akaniambia bila kunitazama, "Tukikwama tena namna ile, utakwenda nyumbani. Siwezi kubishana na mzee kila mvua."

Mimi sikutaka kwenda nyumbani. Nasema wazi, sikutaka hata kidogo! Kulima nilikulia nako, milimani juu ya Mbeya, na sikuwa na ugomvi na jembe. Lakini nilikuwa nimeonja barabara. Unaondoka Uyole na baridi ya kukata masikio, unajifunika blanketi juu ya mzigo, unashuka Igurusi jua linakupiga, blanketi unalivua, hewa inanukia mpunga na petroli. Ukipanda tena kuelekea Makambako upepo unakuvua kilemba. Kila kituo una rafiki wa kukuuliza habari za ulikotoka, na wewe ndiye mwenye habari. Nilikuwa nikiamka kabla ya jogoo siku za safari, kwa furaha tu. Basi, kitu ambacho tungenunua siku ile Iringa ndicho kingeamua kama nibaki juu ya lori au niteremke. Fedha ilitosha kitu kimoja.

"Bwana," alisema mwenye duka alipokwisha kucheka, "acha nikuonyeshe vyote, halafu mgombane mkiwa na hakika."

Akatupeleka uani. Kwanza alionyesha makapi yenyewe, mawili makubwa ya chuma na bunda la kamba ya katani. Yalikuwa mazuri, nakubali. Ukiwa karibu na kijiji unapata vijana, mnapiga mwito, gari linatoka. Ila kamba ile ikilowa huwa nzito kuliko mtoto wa ng'ombe, na kule tunakokwama hakuna kijiji. Kisha akaleta mnyororo wa gereji, ule wa kuning'iniza injini. Una nguvu sana, lakini ukivuta urefu wa mkono umekwisha, unafungua, unafunga upya. Mume wangu aliutikisia kichwa mwenyewe. Akaleta jeki ndefu ya shambani. Hiyo inanyanyua tairi upachike mawe chini yake, lakini katika udongo mweusi jeki yenyewe inazama kabla ya tairi kupanda.

Kulikuwa na winchi ya kufunga kwenye bampa, yenye pipa la waya na mpini wa kuzungusha. Hiyo mume wangu aliipenda. Macho yalimng'aa. Mwenye duka akamwambia kweli, na ninamshukuru hadi leo: ule mpini ukikuponyoka chini ya mzigo unarudi nyuma na kuvunja mkono, tena winchi ikishafungwa mbele haihami, na ukizamisha pua ya gari, imezama nayo.

Cha mwisho alikitoa kwenye sanduku lenye majani makavu. Kilikuwa kichuma kilichochuchumaa, kizito lakini mtu mmoja anakibeba, kina mipini miwili, mmoja wa kuvuta, mwingine wa kulegeza. Waya unaingia upande mmoja, unatokea upande wa pili, na ndani kuna meno mawili yanayopokezana: moja likiachia, jingine limeng'ata. Waya uwe mrefu utakavyo. Unakifunga kwenye mti mbele ya gari, unapeleka kulabu kwenye bampa, unasukuma mpini mbele na nyuma. Basi.

"Hiki ni cha mtu mmoja," alisema mume wangu kwa dharau. "Mtu mmoja hawezi kutoa lori."

"Mtu gani?" nikauliza.

"Mtu yeyote."

Nilikaza kanga yangu. Uani kulikuwa na lori la mwenye duka, limejaa mabati, limesimama kwenye mtelemko kidogo. Nilimwomba, na yeye, ambaye nadhani alikuwa amechoka na asubuhi ndefu isiyo na wateja, akasema, "Haya, bibie, tuone." Kichuma kikafungwa kwenye nguzo ya ukuta, waya ukapelekwa kwenye bampa. Nikaanza kusukuma mpini. Mwanzoni waya ulijinyanyua tu kutoka mchangani. Ukakaza, breki ya mkono ikaachiwa. Ukaanza kulia sauti nyembamba. Kisha gurudumu la mbele likageuka kiasi cha upana wa kidole.

Kiasi cha kidole! Nilipiga kelele. Nikasukuma tena, likaja tena, nikaona kivuli cha lori kinapanda kwenye kanga yangu. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walijaa mlangoni. Mama mmoja aliyebeba nyanya kichwani alinipigia vigelegele kama niko harusini. Mimi, mwenye mikono hii, nilikuwa ninakokota lori na mabati yake kupanda mtelemko, na halikuwa na la kusema! Nilipoacha, jasho linanitoka na ninacheka, mume wangu alikuwa amevua kofia yake anaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo.

"Kama unajifanya mwanajeshi," alisema hatimaye, "hii kitu utabeba mwenyewe."

Niliibeba mwenyewe mpaka garini. Nyumbani tuliiita Chura, kwa vile ilivyochuchumaa.

Sasa, kabla sijafika kwenye habari za korongo moja, lazima nieleze jambo la mkwe, maana bila hilo hakuna atakayeelewa tulivyohangaika. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa. Lakini kwa Wanyakyusa wa zamani, na baba mkwe alikuwa wa zamani kabisa ingawa wanawe wote walibatizwa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba hawasalimiani tu. Hawaonani. Nilipokwenda Rungwe, alikuwa akikohoa kabla ya kukata kona, nami naingia migombani na kuchuchumaa mpaka apite. Jina lake sikulitaja, wala neno linalofanana na jina lake. Uso wake sikuujua. Nilijua miguu yake, kwa sababu niliiona mara moja kati ya mashina ya migomba: mirefu, yenye vumbi, na kucha moja nyeusi. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na yeye aliitunza kuliko nilivyoitunza mimi.

Mvua zilipoanza, utingo wetu alirudi kwao kwenye msiba. Kazi yake nikaichukua mimi. Asubuhi tuliyopakia viazi na maharage pale Uyole kwenda Iringa, nilikuwa juu nafunga turubai nilipoona ile miguu. Inakuja pale pale kituoni, fimbo mkononi, bila kukohoa hata kidogo, maana hakujua kama nipo. Nilijitupa chini ya turubai kama panya.

Nilimsikia akimwambia mume wangu kwamba anakwenda Igawa, kwa ndugu yake aliyehamia Usangu kulima mpunga, na njiani ana mazungumzo. Mume wangu angefanya nini? Angesema, Baba, huwezi kupanda, mkweo yuko juu? Angekuwa amekwisha kukiri kwamba bado nalala njiani. Alimfungulia mlango wa mbele. Nyuma ya kiti chao kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo, kichwa changu kiko hapo hapo upande wa pili, kati ya gunia na gunia. Basi safari nzima nikasikiliza ninavyogawiwa.

"Mkeo umemwacha Ilomba na nani?" mzee aliuliza kwa Kinyakyusa, lugha niliyokuwa nimekwisha kuijua vizuri.

"Yuko salama, Baba."

"Sikuuliza kama yuko salama."

Mume wangu akabadili gia. Mzee akaendelea, kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Shamba langu lilikuwa limekwisha kulimwa. Wifi zangu wamenitengea nyumba. Akirudi kutoka Igawa atapita Ilomba na mmoja wa wanawake wa ukoo, anichukue. Hakutaka kuvunja ndoa, alitaka wajukuu. Mume wangu alisema "ndiyo, Baba" mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia. Huko nyuma nilikuwa nauma kona ya gunia kwa hasira.

Tulipokwisha kupita Chimala mbingu zilifunguka. Karibu na Igawa kuna korongo ambalo kiangazi unalipita bila kubadili gia. Siku ile maji yalikuwa yanatembea. Mume wangu alishuka, akapima kwa fimbo ya mzee, akarudi, akaingia. Tairi za mbele zilifika ng'ambo. Za nyuma zilizunguka, zikatupa matope mpaka juu ya turubai, zikakaa.

Haya ndiyo yale. Hata maneno ya kwanza ya mume wangu baada ya kuzima injini niliyaelewa bila kuyasikia.

Aliitoa Chura, akaifunga kwenye mti ng'ambo, akavuta waya, akaupachika kwenye bampa. Mpaka hapo vizuri. Tatizo lilikuwa moja: gari linalokokotwa kutoka korongoni linahitaji mtu kwenye usukani, akanyage breki na kunyoosha tairi, na dereva alikuwa yeye peke yake. Mpini ukabaki na mzee. Niliweka jicho kwenye upenyo wa turubai, nikamwona kwa mgongo, amevaa koti refu, anapewa mafunzo. Alikuwa amechangamka! Alitemea viganja mate, akashika mpini kama anayeshika ng'ombe pembe, akasukuma.

Lori likarudi nyuma.

Akasukuma kwa nguvu zaidi. Lori likarudi zaidi, mkia ukashuka, na nikasikia maji yanaingia kwenye magunia ya chini. Mume wangu anapiga honi, mzee anadhani anashangiliwa, anaongeza bidii. Alikuwa ameshika mpini wa kulegeza. Viazi vyetu, lori letu, mimi mwenyewe, tunateremshwa polepole mtoni na mikono yenye nia njema kabisa. Sikufikiri. Nilichomoa kichwa nje nikapaza sauti:

"Siyo huo! Shika ule wa juu!"

Mzee aliganda. Hakugeuka, Mungu amrehemu, alikuwa na adabu kuliko sisi wote. Alisimama hivyo hivyo, mikono hewani, amenipa kisogo.

"Nani huyo?" alimuuliza mwanawe.

Mume wangu alitoa kichwa dirishani. "Ni yeye, Baba."

Nilingoja radi. Badala yake nilimwona mzee akivua koti lake taratibu, akalitia kichwani kama mwanamke anayekwepa mvua, akajifunika uso wote, akapiga hatua za kupapasa kutoka kwenye mti na kutugeuzia mgongo. "Basi ashuke," alisema kutoka ndani ya koti. "Maji hayangoji."

Niliruka. Nilitua kwenye matope mpaka kwenye mashavu ya miguu, nikapanda ukingo kwa mikono na magoti, nikaushika mpini unaostahili kushikwa. Waya ukakaza, ukalia ile sauti nyembamba ya Iringa. Nikasukuma. Nikavuta. Lori likaacha kurudi. Nikasukuma tena, na nyuma yangu, kutoka ndani ya koti, nikasikia sauti: "Heee!" Nikavuta. "Haa!" Nikasukuma. "Heee!"

Alikuwa ananipigia mwito. Haoni chochote, amesimama kipofu kwenye mvua, anafuata mlio wa meno ya Chura na kunipa pumzi kama wanavyopeana wanaume wanaovuta gogo. Sijapata kufanya kazi kwa furaha namna ile tangu nizaliwe. Mabega yalikuwa yanawaka, kanga imenishika mapajani, na lori linakuja, upana wa kidole, upana wa kiganja, linakuja! Mume wangu kwenye usukani alikuwa ameanza kuimba na yeye.

Katikati ilibidi nihame mti, mume wangu amekanyaga breki, maana ule wa kwanza mizizi yake ilianza kunyanyuka. Mti wa pili ulikuwa pale pale mzee aliposimama. Sikuweza kumwambia sogea. Nikamwambia mume wangu kwa ishara, yeye akapaza sauti, "Baba, kulia! Kulia kwako!" Mzee akaenda kushoto, akagonga kichaka, akasema neno ambalo sitaliandika. Nikazunguka mti upande huu, yeye anazunguka upande ule, kila mmoja anamkwepa asiyemwona, mpaka nikacheka. Nilijiziba mdomo. Nikasikia na koti linacheka.

Tairi za nyuma zilipopanda ukingo nilikaa chini matopeni. Sikuwa na aibu tena. Mume wangu alikuja, akanisimamisha, akanishika mikono, akavitazama viganja vyangu vilivyochubuka. Nikarudi juu ya mzigo, chini ya turubai, na ndipo mzee akafunua uso na kuingia garini kana kwamba hakuna lililotokea.

Lori likaondoka. Niliweka sikio dirishani. Nilijua tumekwama, na sharti lilikuwa sharti. Nilikuwa naanza kuliaga lori, moja moja, kamba, mbao, harufu ya magunia, na machozi yalikuwa yananijia ingawa nilikuwa bado na furaha ya mwito ule mwilini.

"Hivi," mzee alisema, "wewe ukiugua njiani, hili gari nani anaendesha?"

"Hakuna, Baba."

"Utingo?"

"Hajui."

Taa za kwanza za Igawa zikaonekana, vibatari vya wauza chai kando ya barabara. Kisha mzee akapandisha sauti, na ninajua hakuipandisha kwa ajili ya mwanawe, kwa sababu aliielekeza nyuma, kwenye dirisha dogo, huku yeye mwenyewe akitazama mbele.

"Mfundishe."

Nilijibu mimi, kwa kupiga paa la gari kwa viganja vyote viwili vilivyochubuka, na sikusikia maumivu yoyote.